Alhamisi ya Pai Huko Catahoula

Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu, oveni za Catahoula hazipoi. Catahoula ni kijiji cha kusini mwa Louisiana, kilichokaa karibu na tuta refu linalowakinga watu na maji ya bonde la Atchafalaya. Desturi ya hapo imerithiwa vizazi na vizazi: Alhamisi Kuu watu huoka pai, Ijumaa Kuu huzila. Mkatoliki siku hiyo hagusi nyama, basi mezani huwekwa kamba wa maji baridi waliochemshwa kwa pilipili, huwekwa samaki, kisha pai. Kuna za viazi vitamu, za nazi, za tini na za beri nyeusi. Na kuna ile iliyonitoa Houston alfajiri, pai ya kastadi, ambayo wenyewe kwa Kifaransa chao huiita tarte à la bouillie.

Vibao vya maduka ya njiani huitangaza kuwa pai ya Kikajuni. Vitabu vingi vya mapishi navyo husema hivyo hivyo. Mimi nimerudi nikiamini kwamba jina hilo limeacha nje nusu ya waliohusika, na nusu hiyo ndiyo iliyonikalia moyoni safari nzima.

Nilisafiri na dada mmoja wa Bukavu ambaye maisha yamemfikisha Houston. Yeye ndiye aliyekuwa na mwaliko. Mimi nilikuwa mgeni wa mgeni. Tulifuata barabara kuu ya I-10 kuelekea mashariki. Ukishavuka mto Sabine umeiacha Texas, na baada ya minara ya viwanda vya mafuta ya Lake Charles nchi inatandaa, tambarare tupu, maji yakimeta pande zote mbili za barabara. Hayo ni mashamba ya mpunga. Wakulima wa huko wakishavuna mpunga huyajaza maji tena mashamba yale yale na kufuga kamba humo, kwa hiyo majira ya Kwaresima unaona mitego imesimama kwa safu katikati ya mabua. Mtu aliyezoea majaruba ya Kyela au ya Mwea angesimamisha gari kutazama. Sisi tulisimamisha.

Tulipopita Lafayette tuliiacha barabara kuu, tukashuka hadi St. Martinville, mji mdogo ulio ukingoni mwa Bayou Teche. Bayou ni mkono wa mto unaokwenda polepole mno, mpaka ukitupa jani majini unasubiri kuona linaelekea wapi. Hapo penye gati pana jengo moja lenye makumbusho mawili ndani yake. Moja ni la Waakadia, jingine ni la watu wa asili ya Afrika. Unaingia mlango mmoja, kisha unachagua upande. Ninamshauri yeyote atakayefika aingie kote kuwili, tena siku hiyo hiyo, kwa sababu hadithi ya pai imegawanyika hapo.

Waakadia walikuwa wakulima wa Kifaransa walioishi Acadie, sehemu ambayo leo ni Nova Scotia nchini Kanada na majirani zake. Mwaka 1755 Waingereza walianza kuwafukuza. Nyumba zilichomwa, mifugo ikachukuliwa, familia zikapakiwa merikebuni na kutawanywa pwani yote ya makoloni ya Uingereza, wengine wakaishia Ulaya. Mwaka 1765 kundi la watu wapatao 200, likiongozwa na Joseph Broussard aliyejulikana kwa jina la Beausoleil, lilifika New Orleans na kupelekwa nchi hii ya Teche. Mwaka huo huo viongozi wao walitia sahihi mkataba na afisa mmoja mstaafu mwenye ng'ombe: wao wachunge, ndama wagawane. Miaka 20 baadaye, mwaka 1785, merikebu 7 zilileta wengine wapatao 1,600 kutoka Ufaransa. Hao ndio wazee wa Wakajuni wa leo. Kwa hiyo maziwa ya pai hii yana historia yake: ni maziwa ya wakimbizi waliopewa mifugo ya mtu mwingine waanze nayo maisha.

Upande wa pili wa jengo hadithi inaanza mapema zaidi. Merikebu za kwanza zilizoleta Waafrika watumwa Louisiana moja kwa moja kutoka Afrika zilifika mwaka 1719. Wengi wa walioletwa wakati wa utawala wa Wafaransa walitoka Senegambia, na manahodha waliagizwa watafute watu wanaojua kilimo cha mpunga, walete na mbegu. Ujuzi ulinunuliwa pamoja na mwili. Kutokana na Waafrika hao, na Wafaransa, Wahispania na wenyeji wa asili wa nchi ile, walitokea Wakrioli, watu wenye lugha yao, muziki wao na mapishi yao, baadhi yao wakiwa huru hata kabla ya utumwa kufutwa. Mwenzangu alisimama kwa muda mrefu mbele ya picha ya kisiwa cha Gorée, huko huko Senegambia. Hakusema neno, nami sikumwuliza.

Kutoka hapo hadi Catahoula si mbali. Barabara imepakana na mashamba ya miwa, ambayo majira ya Kwaresima huwa bado mifupi. Juu ya baadhi ya mialoni ya kando ya njia vimepigiliwa vituo vya Njia ya Msalaba. Ijumaa Kuu watu huitembea barabara hiyo kwa miguu wakisali kituo kwa kituo.

Jikoni tulikaribishwa na bibi wawili. Mwenye nyumba ni Mkajuni, umri wake umepita miaka themanini. Jirani yake ni Mkrioli, mdogo kidogo kwake, mwanamke mweusi mrefu mwenye sauti ya kuamrisha. Waliwahi kupika pamoja katika jiko la shule moja ya kata hiyo, na tangu wastaafu wamekuwa wakioka pai za Ijumaa Kuu katika nyumba moja. Dada wa Bukavu aliwaamkia kwa Kifaransa na kuwaita Maman, kama ambavyo angemwita mama yeyote wa kwao, na nyuso zao zikafunguka. Sisi tulikuwa chère, yaani mpenzi, tangu dakika ile, kila tulipoitwa na kila tulipokemewa.

Kifaransa chao kilikuwa kinakatika katika, kisha kinarudi kwa nguvu. Katiba ya Louisiana ya mwaka 1921 iliagiza masomo ya shule yafanywe kwa Kiingereza, na watoto waliosikika wakisema Kifaransa uwanjani waliadhibiwa. Bibi mwenye nyumba aliandikishwa ubaoni, mstari baada ya mstari, kwamba hatakisema tena. Jimbo liliunda baraza la kukifufua mwaka 1968, wakati huo yeye ni mtu mzima mwenye watoto ambao hakuwa amewafundisha. Anachokumbuka kwa ufasaha zaidi ni maneno ya jikoni. Alipokuwa akikanda unga alizungumza bila kusita.

Tuanze na unga huo, maana pai hii haina ganda kavu la kuvunjika vunjika. Ganda lake ni tamu na laini, liko kati ya biskuti na keki. Walipima vikombe 4 vya unga wa ngano, vijiko 3 vya chai vya bekingi pauda na chumvi kidogo. Kwenye bakuli jingine wakasaga robo tatu ya kikombe cha siagi pamoja na kikombe kimoja cha sukari hadi ikawa nyeupe, wakaongeza mayai 2, vanila, na nusu kikombe cha maziwa. Zamani, alisema mwenye nyumba, mama yake alitumia mafuta ya nguruwe aliyoyachuja mwenyewe baada ya kuchinja. Unga uliingizwa kidogo kidogo, ukakusanywa kwa mkono bila kukandwa sana, kwani ukiukanda kwa nguvu kama wa chapati unavutika na ganda linakuwa gumu. Donge lilifunikwa likaingia kwenye friji.

Hapo ndipo nilipouliza swali la mtu wa kwetu: kwa nini pai iwe ya siku kuu tu, na vitu vyenyewe ni unga, maziwa na mayai? Jirani alinijibu kwamba mayai na maziwa yalikuwepo kila siku uani. Kilichokuwa adimu ni unga wa ngano. Ngano haikustawi katika joto na unyevu wa Louisiana kusini, ikabidi ishushwe kwa mto Mississippi kutoka kaskazini, na kwa miaka mingi chakula cha watu wa kawaida kilikuwa mahindi na wali. Kastadi yenyewe, ile bouillie, ililiwa siku yoyote kwa bakuli, hasa na watoto na wagonjwa. Kuitia ndani ya ganda la ngano ndiko kulikoifanya iwe ya sikukuu. Kwangu mimi maelezo hayo yalikuwa na maana kuliko yote niliyoyasikia siku ile, kwa sababu hata pwani yetu kuna vyakula vingi ambavyo heshima yake ilitokana na kiungo kimoja kilichokuja kwa jahazi.

Sasa kastadi. Kiasi cha pai mbili za sentimita 23 ni kopo moja la maziwa mazito yasiyo na sukari, likaongezwa maziwa ya kawaida hadi ikawa lita moja. Kisha kikombe cha sukari, viini 4 vya mayai, vijiko 8 vya chakula vya wanga wa mahindi, ule unaoitwa kornflawa madukani, vijiko viwili vya siagi, kijiko cha vanila. Sehemu kubwa ya maziwa iliwekwa motoni pamoja na nusu ya sukari. Yaliyobaki, yakiwa baridi, yalikorogewa wanga, viini na sukari ya pili mpaka pasibaki buja hata moja. Maziwa ya motoni yalipoanza kutoa mvuke, jirani alichota upawa mmoja akaumimina polepole juu ya viini huku mwenzake anakoroga, akachota wa pili, wa tatu. Viini vikishazoea joto ndipo vyote vinarudishwa sufuriani. Ukivitupa moja kwa moja kwenye maziwa ya moto unapata mayai ya kukaanga yaliyoogelea.

"Mwiko usitulie," jirani alisema. "Ukitulia inashika chini, na ikishashika chini ladha yake haitoki hata uongeze nini."

Mwiko haukutulia. Ulipita katikati, ukapita pembeni, ukarudi. Kastadi ilianza kuwa nzito taratibu, halafu kwa ghafla ikawa nzito kabisa na mapovu makubwa yakapasuka juu yake. Mimi ningeipua hapo hapo. Jirani aliukamata mkono wa mwenzangu uliokwenda kwenye kitasa cha jiko. Iache ichemke, alisema, na akaiacha ichemke kwa dakika nzima na zaidi, akikoroga kwa nguvu.

Yuko sahihi, na sababu yake inajulikana vizuri kwa wanasayansi wa chakula. Kiini cha yai kina kimeng'enya kinachovunja wanga. Joto dogo halikiui. Mpishi akiipua kastadi mara tu inapokuwa nzito, kimeng'enya hicho huendelea na kazi, na kufikia kesho yake kastadi iliyokuwa imesimama imegeuka kimiminika ndani ya ganda. Kuichemsha barabara ndiko kunakokizima. Na mayai hayakatiki kwa mchemko huo kwa kuwa wanga umejiingiza kati ya protini zake na kuzizuia zisishikane. Bibi yule hakuwahi kuambiwa habari za vimeng'enya. Alijua kwamba pai iliyopikwa kwa haraka Alhamisi inaaibisha nyumba Ijumaa.

Ilipoipuliwa, siagi na vanila zikaingia, kastadi ikamiminwa kwenye bakuli pana na kufunikwa kwa karatasi ya plastiki iliyolazwa juu yake kabisa, isifanye utando. Tulingoja ipoe. Wakati huo wa kungoja ndio uliokuwa wa mazungumzo, na mazungumzo yakafika kwenye mfuko wa sukari uliokuwa mezani.

Sukari ni zao la eneo lile. Mwaka 1795 Étienne de Boré alifaulu kugandisha sukari ya chembe katika shamba lake jirani na New Orleans, akiwa na mtaalamu aliyetoka Saint-Domingue, na baada ya hapo miwa ikatawala Louisiana kusini pamoja na utumwa ulioilima. Maji ya miwa yalichemshwa katika masufuria makubwa yaliyo wazi, yamepangwa kwa mstari juu ya tanuru moja, na watumwa waliyahamisha kwa upawa mrefu kutoka sufuria moja hadi nyingine, usiku na mchana katika msimu wa kukamua. Waliungua. Wengi walibaki na makovu, wengine walikufa. Kuni nyingi zilipotea na sukari nyingi iliungua pia.

Aliyeyabadilisha hayo ni Norbert Rillieux, Mkrioli huru aliyezaliwa New Orleans mwaka 1806. Mama yake, Constance Vivant, alikuwa mwanamke huru mwenye asili ya Afrika. Baba yake alikuwa mzungu mwenye mali na ujuzi wa uhandisi. Kijana alipelekwa Paris, akasoma uhandisi na kufundisha huko huko, kisha akarudi na wazo lake: badala ya kuchemsha kila chombo kwa moto wake, mvuke unaotoka chombo cha kwanza upelekwe kupasha cha pili, na wa pili kupasha cha tatu, huku shinikizo la hewa ndani likipunguzwa chombo hadi chombo ili maji yachemke kwa joto dogo zaidi. Alipata hataza mwaka 1843 na nyingine mwaka 1846. Kuni zilipungua, sukari ikawa nyeupe zaidi, na mikono ya watu ikaondoka juu ya masufuria yanayotokota. Hakuishi kuheshimiwa alikozaliwa. Sheria za Louisiana dhidi ya watu weusi huru zilizidi kubana, akarudi Ufaransa, akafia Paris mwaka 1894.

Nilikuwa nimesoma habari zake kabla ya safari. Jambo ambalo sikuwa nimelitazama vizuri lilikuwa mbele yangu mezani, na ni kopo la maziwa. Maziwa yale mazito hutengenezwa kwa kupunguza maji ya maziwa, na mitambo ya kuyapunguza inafuata kanuni ile ile ya Rillieux: mvuke wa chombo kimoja ukipasha kingine. Kwa hiyo sukari ya pai na maziwa ya pai vyote vimepita katika akili ya Mkrioli mmoja. Viwanda vya Kilombero, vya Mtibwa na vya magharibi mwa Kenya navyo huchemsha maji ya miwa kwa kanuni hiyo. Kila anayetia sukari chai yake asubuhi ana deni kwa mtu huyo, na sijaona jina lake kwenye pakiti hata moja.

Nilipowaeleza hayo bibi wawili, mwenye nyumba aliligeuza kopo na kulitazama. Jirani alisema alimjua Rillieux tangu shuleni, maana mwalimu wao, Mkrioli, hakuwaacha wamsahau. Alifurahi kwamba mtu wa Afrika Mashariki amekuja kumtaja jikoni mwa Mkajuni.

Vanila nayo imetoka mbali. Mmea wake ni wa Mexico, na ulipopandwa kwingineko ulitoa maua bila matunda, kwani hapakuwa na wadudu wa kuyachavusha. Mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion, kwenye Bahari ya Hindi hii hii yetu, mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius aligundua namna ya kuyachavusha kwa kijiti na kidole gumba. Namna hiyo ndiyo inayotumika hadi leo Bukini, Ngazija, Uganda, Kagera na Unguja. Albius alipata uhuru wake utumwa ulipofutwa mwaka 1848, akafa fukara mwaka 1880. Mashamba ya kisiwa kizima yalitajirika kwa kidole chake.

Tulirudi kazini. Donge lilitolewa, likagawanywa, likasukumwa nene kiasi, kama nusu sentimita. Ni laini mno, haliinuki bila kuraruka, basi walilipanga vipande vipande ndani ya sinia za pai na kuviunganisha kwa ncha za vidole. Hakuna aliyejali viraka, oveni huvifuta. Kastadi iliyopoa ilimiminwa. Ni lazima iwe imepoa, kwa sababu kastadi ya moto inayeyusha siagi ya ganda kabla halijaiva na chini panabaki pabichi.

Juu ya pai kukawa na ubishi, na nadhani ubishi huo hutokea kila mwaka. Mwenye nyumba hukata unga kwa vipande vyembamba na kuvipitisha juu ya kastadi kwa kupishana, kama mkeka. Jirani hapendi. Kwao, upande wa Opelousas alikozaliwa mama yake, unga mtamu hukunjwa juu ya ujazo wake kuwa nusu mwezi, kila mtu apate yake ashike mkononi, na kastadi hunyunyiziwa kungumanga. Mwenye nyumba alisema kungumanga inafunika ladha ya mayai. Jirani alisema mayai yasiyo na kungumanga yananuka kuku. Walioka za aina zote mbili. Oveni ilikuwa imewekwa nyuzi 175 za Selsiasi, na baada ya dakika 35 hadi 40 ganda lilikuwa na rangi ya asali, likatolewa, zikaingia nyingine. Tuliendelea hadi usiku. Watoto na wajukuu walipita mlango wa nyuma, wakahesabu pai, wakafukuzwa.

Nilizionja zote Ijumaa. Kwa uamuzi wangu kungumanga inafaa, lakini mkeka wa juu nao unafaa, kwani unazuia kastadi isikauke usoni. Ladha yenyewe si ya kelele. Ni maziwa, yai na vanila, ganda likiwa limenyonya kidogo chini na kulainika, likishikilia utamu uliobaki pembeni. Anayetafuta sukari ya kuchoma koo hataipata.

Asubuhi hiyo tuliwaona waliokuwa wakitembea Njia ya Msalaba, wazee kwa vijana, wengine na rozari mkononi, wakisimama chini ya kila mwaloni wenye kituo. Jirani alituambia kwamba siku hiyo ardhi haichimbwi. Wazee waliamini ukiigusa kwa jembe itatoka damu. Mchana familia ilikusanyika, kamba wakamwagwa juu ya meza iliyotandikwa magazeti, na pai zikapangwa kwenye meza ya pili. Wakajuni na Wakrioli walikula pamoja katika nyumba ile. Sitasema kwamba hali iko hivyo kila mahali Louisiana. Makanisa na makaburi ya zamani ya eneo hilo yaliwatenga watu kwa rangi, na alama zake zipo. Hilo ndilo linalonifanya nisikubali kuiona pai hii ikiandikwa jina moja. Ng'ombe walichungwa na wakimbizi wa Acadie. Miwa ilikatwa na watumwa, na sukari ikaboreshwa na mtoto wa mwanamke mweusi aliye huru. Vanila ilifunguliwa na mtoto mtumwa wa bahari yetu. Majiko ya matajiri yaliendeshwa na wapishi weusi, na mapishi yalivuka kutoka jiko hadi jiko kwa mikono ya wanawake ambao hakuna aliyeandika majina yao. Mwenye duka anayetundika kibao chake aandike Kikajuni na Kikrioli, yote mawili. Nafasi ipo.

Atakayetaka kuionja bila kualikwa nyumbani aende Grand Coteau, kaskazini mwa Lafayette, ambako kila Oktoba hufanyika tamasha la pai za unga mtamu. Atakayetaka kuipika nyumbani ana kila kitu. Wengi wetu kastadi tunayoijua ni ya poda ya kopo, aliyoibuni Alfred Bird huko Birmingham mwaka 1837 kwa ajili ya mkewe ambaye mayai yalimdhuru. Ni wanga, rangi na harufu, haina yai. Kwa pai hii iweke kando. Tumia mayai ya kienyeji yenye viini vya rangi nzito, maziwa yasiyochujwa mafuta, na vanila halisi ya Kagera au ya Uganda ukiipata. Ichemshe kastadi mpaka itoe mapovu kwa dakika nzima. Pai ikishaokwa, iache ipoe kabisa, iingie kwenye friji usiku kucha, uikate kesho yake, na uimalize ndani ya siku tatu.